Majembe ya Kitongoji cha Chini

Mama yangu alikuwa na kipande cha bonde huko Makere, kando ya chemchemi. Kiangazi, mlima wote ukiwa umekauka, yeye alikuwa akichuma maharage mabichi. Udongo wa bondeni ni laini, hata mgongo wake mbovu uliuweza. Shamba lake la mlimani, kubwa kuliko hilo, alikuwa ameliachia majani kwa kukosa nguvu.

Mwaka 2013 chemchemi ilianza kupungua. Watu wa kitongoji cha chini, wanaoyategemea maji hayo, waliunda kamati, wakaja nyumbani pamoja na afisa misitu aliyehamishiwa kwetu kutoka mkoa mwingine. Mimi nilikuwa mwalimu Kibondo, na siku hiyo nilikuwa nyumbani likizo. Wanakamati na Mama walisalimiana kwa kupigiana makofi ya taratibu, kama ilivyo ada yetu Waha, mpaka afisa akaanza kutazama saa. Kisha wakaeleza shida yao. Waliomba Mama aache kulima kando ya chemchemi ili miti ya asili iote, nao wanaotumia maji wawe wanachanga na kumlipa kila mwaka. Bahasha ya kwanza waliiweka mezani.

Mama aliirudisha kwa kidole kimoja, akasema kwanza atafikiri.

Walipoondoka nilipandwa na hasira. Nilimwambia maharage atanunua sokoni kama watu wengine, na kwamba wenzake wangeipokea kwa mikono miwili. Nilikuwa msomi wa nyumba ile, na sikumwacha mtu asahau hilo.

"Maji ni ya Mungu, mwana wanje," alisema, akiniita mwanawe kwa Kiha chetu. "Nikipokea hela, nimeyauza. Kesho jirani akija kuteka, nitamtazama kwa jicho gani?"

Nikamuuliza basi atakula nini. Asubuhi alikwenda mwenyewe kwa mwenyekiti wa kamati, mwanamke wa rika lake, akamwambia kwamba bonde ameliacha na bahasha haitaki. Alipoaga aligusia tu kuwa shamba la mlimani limemshinda. Nilirudi Kibondo nimenuna, nina hakika mwenye njaa yake ameitafuta mwenyewe.

Mvua za kwanza zilipokaribia nilikwenda kumwona, nimebeba unga na maneno ya kumsuta. Nyumbani sikumkuta. Nikapanda mlimani.

Wanawake wa kitongoji cha chini walikuwa shambani kwake, wamejipanga mstari mmoja, majembe yanapanda na kushuka, na nusu ya majani yale ilikuwa imeshageuzwa. Kwetu ukiita watu kulima, wewe mwenye shamba ndiye unayewapikia na kuwaandalia pombe ya ndizi. Siku ile walikuja na pombe yao, ugali wao wa muhogo, hata kuni zao. Hapo hakuna aliyehitaji kuelezwa: hawakuja kusaidia, walikuja kulipa. Mbele kabisa alikuwepo mwanamke mmoja aliyekuwa amenuniana na Mama miaka mingi kwa sababu ya mbuzi. Mama mwenyewe walikuwa wamemkalisha kwenye kigoda, hajui mikono aiweke wapi.

Walirudi mwaka uliofuata, na uliofuata tena. Chemchemi ilipata maji, na Mama hakulala njaa hata siku moja. Nawashukuru wanawake wale mpaka leo, na namshukuru mwenyekiti wao aliyesikia kile ambacho mimi, na shule zangu zote, sikukisikia.

Lakini siku ile ya kwanza nilisimama tu ukingoni na viatu vyangu vya mjini, nikiwapa pole ya kazi. Mama aliinuka kwenye kigoda, akachukua jembe lililokuwa limeegemezwa kwenye mgomba, akaniletea.

"Na wewe je," akauliza, "ulikuzwa kwa maji ya wapi?"

Nikavua viatu, nikaingia kwenye mstari.