Mlinzi wa Tovuti ya Matokeo

Mama anayelinda tovuti ya matokeo ya mitihani hufukuza roboti za mtandaoni kama kuku waliovamia mpunga ulioanikwa. "Shii! Tokeni!" huikemea skrini, kidole kikizifungia njia, mkono wa pili ukipunga hewani. Kijana wa meza ya jirani ameshazoea, hacheki tena. Leo matokeo yametoka, na kuna mgeni anaingia na kutoka, anaingia na kutoka, bila kuandika namba ya mtahiniwa.

"Roboti hiyo, mama. Ifungie."

Kidole kikaenda, kikasita.

"Roboti haina woga, mwanangu. Huyu anafika mlangoni, moyo unamruka, anarudi." Akaisogelea skrini, akanong'ona, "Ingia tu, mzazi mwenzangu. Hata mimi ya wangu sijaangalia."