Picha ya Mkwe

Fulana zilifika kutoka Mbeya jioni ya kuamkia mbio. Nilizitandaza kitandani, zote nyeupe, na kifuani kila moja ilikuwa na picha ya baba akiwa na koti lake la kanisani. Mke wangu aliingia, akaziona, akageuka na kutoka mbio kama mtu aliyemkuta mgeni anaoga.

Nilimfuata jikoni. "Vipi tena?"

"Unataka nimvae mkwe kifuani?"

Kusema kweli sikuwa nimelifikiria hilo. Kwetu Wanyakyusa, mke hatazamani na baba mkwe wake. Hamtaji jina, na wakikutana njiani ataingia hata kwenye mikakao ampishe. Tunaita kutila, kuogopa kwa heshima. Siku hizi wengi wameacha, lakini yeye alilelewa na bibi yake kijijini Ipyana, na aliushika utaratibu huo tangu siku nilipomwoa. Hata baba alipopata kiharusi nikamleta akae nasi Kyela mjini, hakuulegeza. Baba alikaa chumba cha uani chenye mlango wake. Mke wangu alimpikia wali laini na samaki mbasa aliyemchambua miiba yote kwa vidole, kisha mimi au binti yetu tukapeleka. Waliishi hivyo mpaka baba alipofariki, na mimi niliamini hawakuwahi kuonana.

Mbio zile za hisani ziliandaliwa na vijana wa kanisa letu, ili hospitali ipate chumba cha mazoezi kwa wagonjwa wa kiharusi. Baba hakukipata chumba kama hicho. Nilikuwa namnyoosha mguu mwenyewe kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, bila kujua kama namsaidia au namuumiza, naye hakuweza tena kusema. Ndiyo maana nilitaka familia nzima ikimbie, na sura yake ionekane.

Nikampigia simu shangazi, dada yake baba, nikitumaini ataniunga mkono.

"Kwangu mimi picha ni picha tu," alisema. "Lakini mwenye kuogopa ni yeye, si mimi wala wewe. Usimlazimishe."

Asubuhi mke wangu alivaa fulana yake ya kwaya. Nilinuna. Niliona nilichomwomba ni kitu kidogo sana.

Mvua ilikuwa imenyesha, na barabara ya kwenda Ipyana ilikuwa na utelezi. Watu walikuwa wengi, wengine na raba, wengine na kandambili, kina mama wa kanisa wakiimba nyuma kabisa. Nilitoka kwa kasi ya kujionyesha. Tulipofika kwenye mashamba ya mpunga pumzi zilikuwa zimekwisha, natembea nimeshika kiuno. Mke wangu akanikuta hapo, anakuja kwa mwendo wake uleule wa polepole. Akapunguza, tukaenda pamoja.

"Nilimwona," alisema ghafla.

"Nani?"

"Mkwe. Ile siku uliyokwenda Kasumulu."

Siku hiyo niliikumbuka. Niliporudi aliniambia baba alianguka, lakini ameshanyanyuliwa na hakuumia. Nilidhani walimnyanyua majirani, nikaenda hata kuwashukuru, nao wakaitikia tu kama watu wanaoitikia salamu.

"Nilisikia kishindo," aliendelea. "Nikaita huku na huku, hakuna mtu, binti yuko shule, majirani wote wako shambani wanavuna. Nikasimama mlangoni kwake nalia. Mwisho nikaingia. Alikuwa chini, uso umeelekea mlangoni. Tukatazamana."

Nilisimama. Wakimbiaji wakatupita.

"Akafanyaje?"

"Akainua ule mkono wake mzima akajifunika macho. Nilimshika kwapani, nikamvuta, nikampandisha kitandani, na muda wote hakuutoa. Hata kiwiko kilipogonga ukuta hakuutoa. Nikamwambia, 'Nisamehe, baba.' Akatikisa kichwa, kwamba hakuna kosa." Alijifuta uso kwa upindo wa khanga. "Alibakiwa na mkono mmoja tu, akautumia kunistiri mimi. Sasa nimbandike kifuani, nipite naye barabarani?"

Niliutazama ule uso kwenye fulana yangu, umelowa jasho na matope, nikawaza habari za mkono ule. Niliuosha, niliukata kucha, niliushikisha kijiko. Nilidhani nimeujua wote.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningeanzaje?"

Mbio ziligeuzia Ipyana. Shangazi alikuwa kando ya barabara na ndoo ya maji na vikombe, anamnywesha kila anayepita, anayemjua na asiyemjua. Alipotuona tunakuja tukitembea alianza kunicheka. Kisha akaona macho ya mke wangu, akaacha.

"Kuna nini?"

Nilidhani mke wangu ataficha. Hakuficha. Alipiga magoti palepale kwenye majani yenye maji na kumweleza yote, kwa Kinyakyusa, kwa sauti ya chini, maana alikuwa anamweleza dada wa marehemu mwenyewe. Shangazi alisikiliza huku kikombe kimeinama mkononi na maji yanamwagika. Alipomaliza, shangazi akaweka kikombe chini, akamshika mikono yote miwili na kumwinua.

"Ndaga," alisema. "Ndaga fijo, mwanangu." Akamshukuru tena na tena, hakumwachia mikono. Halafu akauliza, "Alikuwa mzito?"

"Mzito sana, shangazi. Mgongo uliniuma wiki nzima."

Shangazi akaanza kucheka, na mke wangu naye, wameshikana pale barabarani, mpaka kina mama waliokuwa wakiimba nyuma yetu wakafika na kuuliza kuna habari gani njema.