Maziwa ya Cheptoo

Kwenye kituo cha kupimia majani chai karibu na Silibwet, hakuna aliyemwita Cheptoo mama wa fulani. Wanawake walioolewa mwaka mmoja naye walikuwa Mama Kiptum, Mama Chepyegon. Zamu yake ikifika, sauti zilipungua, kisha mtu akasema tu, "Cheptoo," jina la usichana, na kikapu kikapandishwa kwenye mizani. Alikuwa ameuzoea ule ukimya kama mtu anavyozoea mvua juu ya mabati.

Mumewe, Kipkirui, alifanya kazi mbali na alikuja nyumbani mwisho wa mwezi, bila lawama. Mama mkwe, Bilhah, naye hakuwa mkatili. Alikuwa na haraka tu. Mwaka wa 1994 akaanza kutaja desturi ya zamani: mwanamke asiyezaa humwoa msichana, na watoto wa msichana huyo huhesabiwa kuwa wa nyumba yake. Msichana alikuwa ameshaonekana, kule Chepseon.

"Nipe nafasi niende hospitali kwanza," Cheptoo aliomba.

"Sawa. Tutaenda sote."

Hilo Cheptoo hakulitarajia. Kwa muda mrefu hedhi yake ilikuwa imekauka, na matiti yake yalitoa maziwa. Aliyaficha kwa vitambaa alivyokunja ndani ya blauzi. Kijijini kwao aliwahi kuona msichana akifichuliwa na maziwa kama hayo: alikuwa amezaa kwa siri na kumtupa mtoto. Nani angeamini kwamba yeye hakufanya hivyo?

Huko hospitali ya Longisa daktari alikuwa mwanamke wa upande wa ziwani, Daktari Adoyo.

"Hedhi?"

"Haiji."

"Na matiti, yanatoa maziwa?"

Cheptoo akatazama ukuta. Kando yake Bilhah alikuwa ameshika mwavuli kwa mikono miwili. Akikana, angerudi nyumbani na heshima yake, kumpokea yule msichana.

"Yanatoa," akasema. "Lakini sijawahi kuzaa, Mama. Mungu anaona."

Daktari akamgeukia Bilhah.

"Mama, ulipokuwa ukinyonyesha, ulishika mimba upesi?"

"Ningeshikaje, na mtoto yuko kifuani?"

"Basi mwili wa huyu unadhani kuna mtoto kifuani. Kuna tezi ndogo chini ya ubongo inayoamuru maziwa. Yake inaamuru bila sababu, na mayai hayapevuki. Tutapeleka damu Nakuru tuhakikishe. Dawa ipo."

"Kwa hivyo wote wasiozaa wako hivi?" Bilhah akauliza.

"Hapana. Wengine mirija imeziba. Wengine, mwenye shida ni mume."

"Kipkirui ni mzima."

"Sijamwona. Naye aje apimwe."

Walipotoka, Bilhah alisimama langoni.

"Nilikuwa na mtamba," akasema, "alitoa maziwa kabla ya kuzaa. Nikamuuza kwa mchinjaji."

"Nakumbuka, Mama."

"Hata daktari wa mifugo sikumwita. Mimi na haraka yangu." Akacheka kwa aibu, na Cheptoo akacheka naye, akacheka mpaka machozi, akiegemea ua wa hospitali, mwepesi kama mtu aliyetuliwa kuni mgongoni.

Majibu ya damu yalikubaliana na daktari, na Kipkirui akapimwa akaonekana hana kasoro. Vidonge vilimtia Cheptoo kichefuchefu, mara nyingine ikambidi aketi katikati ya michai akingoja dunia itulie. Lakini vitambaa vilianza kukauka. Asubuhi moja, kikapu kikiwa nusu, akasikia maumivu ya zamani chini ya kitovu, akaona damu, akarudi nyumbani kumwambia Bilhah. Bilhah akachinja kuku, na kesho yake akatuma neno Chepseon kwamba msichana asingoje tena, atafutiwe mtu wa kumpenda.

Cheptoo alizaa mmoja tu, mvulana, Kipyegon. Siku hizi Cheptoo anaishi palepale, nyuma ya shamba la majani chai, na ana ng'ombe watatu.