Ukuta wa Kaniki

Mama mdogo Tupokigwe ana sauti ya kuamsha kijiji kizima, lakini baba mkwe wake hajawahi kuisikia. Kwetu Wanyakyusa, mke wa mtu hasimami mbele ya baba wa mumewe. Hamsalimii, hamtazami, hapiti njia anayopita. Akimwona kwa mbali hujifunika nguo kichwani na kuchepukia shambani, hata kama kuna umande. Nilimuuliza kama haoni taabu.

"Taabu ipi?" akanijibu. "Wenzangu wanatafuta sababu ya kuwakimbia wakwe. Mimi nimepewa."

Ni nesi wa zahanati yetu huku bonde la Usangu. Serikali ilitujengea zahanati hiyo baada ya watu kuhamia kijijini, na siku ya kuifungua tuliambiwa matibabu ni ya wote. Lakini kila niliporudi likizo kutoka shuleni Iringa, niliona benchi limejaa Wasangu, Wabena na sisi. Wasukuma, waliokuja na ng'ombe wao kutoka kaskazini wakakaa ng'ambo ya mbuga, sikuwaona.

"Wana waganga wao wale," alisema Bwana Eliezeri, mkuu wa zahanati. "Sindano hawazitaki."

Mama mdogo naye aliamini hivyo, mpaka surua ilipopita mwaka 1975 ikazika watoto wengi upande ule kuliko upande wetu. Akaenda kwa miguu hadi kwa Mbuke, mama aliyefiwa na binti yake, akamuuliza mbona hakumleta.

"Nilimleta," Mbuke akasema. "Nakamua kwanza, ndipo natembea. Nafika jua la utosi, mnaniambia kadi zimekwisha, njoo kesho. Kwani kesho ng'ombe hawakamuliwi?"

Mama mdogo alirudi nyumbani. Kesho yake akamwambia Bwana Eliezeri kwamba kama watu hawafiki zahanati, basi zahanati iende mnadani, maana siku ya mnada wa ng'ombe Wasukuma wote wapo.

"Zahanati si kibanda cha nyama choma," akanung'unika, lakini akakubali.

Chanjo ya surua ikaletwa kutoka Mbeya kwa Landrova, ndani ya kasha la barafu. Barafu ikiyeyuka, dawa inaharibika. Bwana Eliezeri alibaki na wagonjwa, mama mdogo akaenda na dereva, na mimi nikafuata kutazama.

Wanawake walikuja wengi. Wa kwanza alikuwa Mbuke na mwanawe aliyebaki, Seni, mgongoni. Mama mdogo akavuta dawa kwenye bomba, akainua macho, akaganda. Pale kwenye uzio wa ng'ombe alisimama mzee Andendekisye, baba mkwe wake, aliyeteremka kutoka Rungwe kununua dume.

Aliweka sindano chini, akajifunika kitenge, akatimka hadi nyuma ya lori.

"Heee! Mwenye dawa anaikimbia dawa yake!" mmoja akapiga kelele. Wanawake wakaanza kubeba watoto wao kuondoka.

"Nesi, barafu inakwisha!" dereva akaita.

Mbuke ndiye aliyemfuata nyuma ya lori. Hakuwa akicheka. "Nesi, niambie kweli. Hiyo dawa ina nini?"

"Dawa ni nzuri. Yule mzee mwenye koti refu ni baba mkwe wangu. Kwetu haifai anione."

Mbuke akamtazama mzee, akamtazama nesi, akacheka mpaka Seni akatikisika mgongoni. "Ni hilo tu? Si aambiwe asogee!"

"Mzee aondolewe kwa ajili ya mke wa mwanawe? Hiyo ndiyo aibu yenyewe."

Mbuke akatoka akawaita wenzake kwa Kisukuma. Wakarudi wakicheka, wakafungua kaniki zao za kujitanda, wakazishika pembe kwa pembe kuizunguka meza. Ukasimama ukuta mweusi. Mama mdogo akainama, akaingia.

Seni akachomwa wa kwanza, akalia.

"Nyamaza, mkwe atasikia!" wanawake wakamtania, na ukuta wote ukatetemeka kwa kicheko. Mama ambaye zamu ya mwanawe ilifika aliachia pembe yake, mwingine akaidaka. Mama mdogo alipotaka kuita anayefuata, alikumbuka akaziba mdomo. Ikabidi amnong'oneze Mbuke, naye Mbuke aite kwa sauti.

Mzee Andendekisye akapita na dume lake, akasimama. "Humo ndani kuna nini?"

"Mambo ya wanawake, mzee," Mbuke akasema. "Pita mbali."

Akapita mbali, haraka. Watoto wote walikwisha kuchanjwa, na vipande vya barafu vilikuwa bado vinaelea.

Sasa zahanati huenda mnadani kila mwezi, na Bwana Eliezeri huwawekea kadi wanaotoka mbali. Surua imerudi ng'ambo ya mbuga mwaka huu. Likizo hii nilimkuta Mbuke kwenye benchi, mchana, akisubiri kuitwa. Seni alikuwa nje kwenye vumbi, mzima, akimfukuza kuku wa zahanati, na mama mdogo alikuwa dirishani akimgombeza kwa sauti yake yote.