Kobe Huanza Kimya

Dereva wa basi la shule alikuwa na maradhi mawili: simfoni, na ubishi juu ya simfoni. Hayo ya pili alimwambukiza shemeji yake, kaka wa mkewe, fundi viatu mwenye maneno mengi kuliko misumari. Kila Jumamosi alasiri wawili hao walijifungia sebuleni na santuri za mtunzi mmoja tu, Mjerumani mwenye ndevu aliyeacha simfoni nne. Walisikiliza kipande kilekile kikipigwa na okestra tatu chini ya viongozi watatu, kisha wakagombana kana kwamba wanagawana mirathi.

Viongozi hao walikuwa na majina yao ya pale sebuleni. Mbiombio aliwakimbiza wanamuziki wake kama mtu anayewahi choo. Sajini alipigisha kila noti gwaride. Na Kobe, kipenzi cha dereva, aliianza sehemu ya tatu ya simfoni ya tatu kwa selo, zile fidla kubwa, zikipigwa kwa sauti ya chini mno, hata shemeji alizoea kuinama atazame kama sindano imegusa santuri. "Kobe huanza kimya," dereva alipenda kusema, na kwa neno hilo alikuwa tayari kuvunja undugu.

Lakini mwaka huu masikio yalikuwa yamemgeuka. Filimbi zilitangulia kupotea, zikafuata fidla za juu. Sasa hata mazungumzo ya mezani aliyafuata kwa kutazama midomo. Kazini sheria ilikuwa moja, haina kona: dereva asiyesikia hakabidhiwi watoto wa watu. Alijua akienda kupimwa harudi tena kwenye usukani, na usukani ule ndio uliomfanya mtu. Kila asubuhi watoto walipanda wakimwita Babu Honi, naye akajiona mfalme. Basi akajitia hamnazo. Aliitikia "ndiyo" pasipofaa, akacheka wenzake walipocheka, na Jumamosi hakumwondolea macho shemeji yake. Fundi viatu hakuweza kusikiliza bila kupunga mikono. Akipunga kwa pupa, ni Mbiombio; akikata hewa kwa kiganja, ni Sajini; akifumba macho, ni Kobe. Dereva hakukosa hata mara moja kumtaja kiongozi, na kila alipopatia aliona aibu.

Jumamosi moja mkewe aliingia sebuleni akafunga mlango. Siku zote alisema muziki wao unamletea usingizi. Leo alisema anataka kujua kama kweli wanatofautisha au wamekuwa wakimpigia porojo miaka yote. Santuri ataweka yeye. Mume aelekee dirishani, awape mgongo, na kaka mtu aikalie mikono yake.

Shemeji alicheka, akaikalia. Dereva hakucheka. Alimjua mkewe, mwanamke anayekunja hata matambara pembe nne, hakuwa na mzaha wa namna hiyo. Alifikiria kusingizia kichwa kinamuuma, lakini kukataa kungekuwa sawa na kukiri. Akageuza kiti.

Nyuma yake palitokea kishindo kidogo, alichokisikia kwa nyayo kuliko kwa masikio: kifuniko cha mashine ya santuri kimefunguliwa. Akasubiri. Hakuna kitu. Akabana pumzi, akatega sikio la kulia, lile lenye nafuu. Hakuna kitu. Angekuwa Sajini, zile fidla kubwa zingekwisha kumfikia tumboni. Angekuwa Mbiombio, sasa hivi kipande kingekuwa kimefika katikati na sauti imepanda. Wimbo wenyewe aliujua kwa ghibu. Ulijianzisha kichwani mwake, na taratibu akaamini kwamba unatoka nyuma ya kiti.

"Kobe," alisema. "Sikilizeni selo hizo. Nani mwingine ana subira kama hiyo?"

Akaendelea kusifu, sauti ikimtetemeka kwa furaha ya kuokoka, mpaka mkono ukamgusa begani. Alipogeuka, mkewe alikuwa amesimama mbele yake, santuri zote tatu kwapani, ndani ya majalada yake. Mashine ilikuwa wazi, haina kitu juu yake. Shemeji alikuwa bado ameikalia mikono, machozi yakimtiririka bila kuyafuta.

"Sijaweka kitu, baba watoto," mkewe alisema polepole.

Dereva alitafuta uongo, na uongo wa mwaka mzima ukamkimbia. Alimkasirikia mkewe kwa ule mtego, na zaidi kwa kuwa mtego ulinasa. Alimwambia amemdhalilisha mbele ya shemeji yake. Mkewe hakurudi nyuma. Alisema Jumatatu watakwenda kazini pamoja, aseme mwenyewe kabla hajasemewa; wamshukuru Mungu, hakuna aliyeumia.

Hakuna aliyeumia. Maneno hayo aliyasoma midomoni mwake vizuri kuliko mengine yote, na hasira ikamwishia papo hapo.

"Wiki iliyopita, nikivuka reli na basi," alisema, "watoto walipiga mayowe kwamba treni inakuja, mimi nikadhani wanaimba."

Mkewe alikaa sakafuni, santuri mapajani. Aliuliza kitu. Alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja, na dereva akamwomba arudie.