Paka na Fotei ya Mama

Juzi binti yangu alimrushia paka kandambili kwa kukwaruza kochi. Nilimshika mkono, nikashindwa kumweleza kwa nini.

Kwetu Butembo, wakati wa vita, paka wetu alikwaruza kiti kimoja tu: fotei kubwa ya Mama. Ilinuka samaki, na mimi niliamini ni makucha yake yaliyoitia harufu ile. Mchana mmoja paka alikuwa kwenye kazi yake, krr, krr, tuliposikia mabuti ya askari kwa jirani na kuku wakipiga kelele. Mama aliikalia fotei haraka.

"Fukuza ule paka, mwana wangu! Ananiharibia kiti!"

Nilimpiga kwa mti wa ufagio hadi akatoka akichechemea. Askari waliingia, wakabeba unga na sufuria, wakaenda.

Ndipo Mama alipopasua kitambaa, akatoa samaki wa chumvi ndani ya sponji.

"Mama, juu ya nini haukuniambia?"

"Batoto banasemaka, banatoaka siri," alijibu, bila kunitazama.

Jioni aliweka kichwa kimoja cha samaki mlangoni, akamwita paka mpaka sauti ikamkauka. Tulikuwa na njaa, lakini hakuna aliyekigusa. Asubuhi kilikuwa kimejaa siafu.