Ndara za Mlangoni

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka bado naona haya, ingawa siku hizi mnaniita nyanya na chaki nimeshaiweka chini. Usidhani nilikuwa kijana mbichi. Nilikuwa nimefika miaka arobaini, umri ambao mtu huamini ujinga umeshamuaga. Kumbe ujinga huwa umetoka tu kidogo, unarudi.

Kaunti yetu ya Isiolo ilikuwa changa. Shule za nasari zilikuwa ndiyo kwanza zimewekwa chini ya kaunti, nami nikaajiriwa kwa mkataba nifundishe moja ya mtaa wa Bulla Pesa. Kazi ya kwanza tuliyopewa haikuwa kufundisha. Tulitumwa kupita ploti kwa ploti tuandike watoto wote: jina, umri, anasoma au hasomi, ana ulemavu au hana. Orodha hiyo ndiyo ingeamua madarasa yajengwe wapi na vyoo viwe vya namna gani.

Sasa wewe uliyezaliwa juzi huenda hujui. Kwetu Waborana mama haulizwi ana watoto wangapi. Hata ng'ombe hawahesabiwi kwa kidole, sembuse watoto. Ni kuwaitia jicho baya. Mimi Darmi ni Mborana na adabu nilifundishwa, basi nikabuni ujanja wangu. Nilikuwa nikifika nasalimu, nakaribishwa chai, na huku nahesabu ndara ndogo zilizovuliwa mlangoni. Jozi tano, watoto watano. Kisha naulizia majina kama mtu anayepiga gumzo, na yakitimia nafunga daftari. Wenzangu walifukuzwa na akina mama wenye hasira. Mimi nilimaliza kwa wiki moja nikasifiwa, na sifa, mwanangu, nilizipenda.

Kwa mama mmoja aitwaye Tume, muuza maziwa ya ngamia aliyehamia mjini kutoka Biliqo, nilihesabu jozi nne. Nikapata majina manne, nikafunga daftari, nikamshukuru kwa chai. Pale palipouliza ulemavu nikaandika "hakuna", nikatia sahihi.

Miaka miwili ikapita. Siku hiyo Abdi, kitinda mimba wa Tume, alishikwa na homa darasani, nikambeba hadi kwao. Mama yake alikuwa sokoni. Nyanya yao, Akko Buke, alikuwa uani anachambua mchele, akaniashiria niingie nimlaze. Nikiwa katikati ya chumba, sauti ikatoka nyuma ya pazia.

"Mwalimu Darmi, hiyo homa ilianza jana. Mimi niliambia mama Abdi asiende shule."

Nikavuta pazia. Msichana wa kama miaka tisa alikuwa ameketi kwenye mkeka, miguu yake myembamba imekunjwa chini yake. Kando yake palikuwa na madaftari makuukuu ya ndugu zake. Kwenye sakafu ya udongo alikuwa ameandika kwa kijiti silabi zangu, zilezile nilizofundisha wiki hiyo. Nilisimama kama mtu aliyemwagiwa maji baridi. Mtoto huyu alikuwa mwanafunzi wangu miaka miwili na mimi sikujua kama amezaliwa.

"Uliandika ndugu zangu wote," akasema, wala hakuwa analaumu. "Mimi ni nambari ngapi?"

Nilishtuka hata nikasahau kwamba nina mtoto mgonjwa mikononi. Na mtu akiaibika hutafuta wa kumtwika aibu yake, basi nikamgeukia Akko Buke, aliyekuwa amefika mlangoni, nikamuuliza kwa ukali mbona walimficha msichana huyu. Gumato ndilo jina lake, nililijua siku hiyo. Mama mzee aliweka ungo chini kwanza.

"Hatukuficha. Siku hiyo alikuwa hapahapa, akisikia wewe ukikunywa chai. Wewe ulihesabu ndara. Huyu alivaa ndara lini?"

Usilolijua ni usiku wa giza, walisema wazee, lakini giza langu nililiwasha mwenyewe nikaliita taa. Kesho yake mimi na Tume tulimbeba Gumato hadi shule ya msingi. Mwalimu mkuu hakuwa mtu mbaya. Alisema ngazi za madarasa ni ndefu, choo hakimfai, bora apelekwe shule ya bweni ya watoto walemavu, mbali huko. Nikaanza kumjia juu. Akafungua faili, akaniwekea karatasi mezani.

"Ningeombaje choo cha mtoto kama huyu, Mwalimu? Wewe ndiye uliandika hawako."

Ilikuwa sahihi yangu, na mkia wake wa maringo. Huo mshtuko wa pili ulinipiga kuliko ule wa kwanza.

Mjini palikuwa na msichana wa Kiturkana, Akiru, msaidizi wa sheria aliyesikiliza watu bure siku za soko. Alitusikiliza, akatueleza kwamba sheria haimruhusu mkuu wa shule kumkataa mtoto kwa sababu ya ulemavu tu. Angeandika barua kwa shule na kwa ofisi ya elimu. Lakini barua ingehitaji kiapo changu cha maandishi kwamba orodha ile ilikuwa ya uongo, na yeye alijua mkataba wangu unaisha mwezi uliofuata. Akaniambia hakuna wa kunilazimisha.

Nikiri ukweli, nilisita. Nilikuwa na watoto wangu wa kulisha. Gumato, mgongoni kwa mama yake, alikuwa anasoma kwa sauti ndogo maneno ya bango ukutani, silabi moja moja, kwa namna ninayofundisha mimi. Nikaomba kalamu.

Mkataba haukuongezwa, nikakaa nyumbani muhula mzima kabla ya kurudishwa kazini. Barua zilikwenda mbili, shule ikampokea Gumato, akapelekwa kupimwa ijulikane atasaidiwa vipi, na wazazi wa shule wakamwaga saruji kutengeneza mteremko kwenye mlango wa darasa. Choo kilichelewa, basi Tume akawa anaacha maziwa sokoni kila siku saa nne kwenda kumsaidia. Nasi walimu tukatumwa upya tuulize chumba kwa chumba. Mwanangu, nyuma ya mapazia tulikuta watoto ambao nilikunywa chai hatua mbili tu kutoka walipolala.

Nilipofika tena kwa Tume palikuwa na jozi tano mlangoni, moja mpya, nyayo zake hazijagusa vumbi. Tume alinieleza kwamba Gumato aliziomba mwenyewe, naye akamuuliza ni za nini.

"Ni za mlangoni," mtoto alimjibu. "Mwalimu akipita tena."

Basi shika hili langu. Adabu isiyouliza ni uvivu uliovaa nguo nzuri. Ukitumwa kwa watu, ingia ndani, muulize mama majina kwa upole, umngoje amalize. Sheria ipo na ina nguvu, ila mtoto asiyeandikwa haimjui. Na ukikosea, usahihishe kwa mkono uleule ulioandika kosa, hata kama itakugharimu. Mungu akupe nagaa, amani ile ya kwetu, akupe mvua kwa wakati wake, na mlangoni pako pajae ndara, za wanaotembea na za wasiotembea.